Baiskeli Pemba na Unguja kutoka Nairobi: panga boti kwanza, kilomita baadaye

Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi, Unguja 85. Mtu aliyezoea kupanda Limuru kila Jumamosi akiziona namba hizo husema wiki moja itatosha na siku zitabaki. Kisha anafika Tanga jioni na kuambiwa boti ya Pemba imeondoka asubuhi, nyingine ni ya wiki ijayo. Safari ya visiwani haipimwi kwa kilomita. Inapimwa kwa boti, upepo na maji. Ukivipanga hivyo vitatu, kuendesha kwenyewe ni kazi ya asubuhi tu, na mchana unakukuta kivulini na dafu mkononi.

Mzunguko tunaoueleza hapa ni huu: basi la usiku Nairobi hadi Mombasa, baiskeli hadi Lunga Lunga na Tanga, boti hadi Pemba, boti hadi Unguja, boti hadi Dar es Salaam, kisha basi la kurudi kupitia Namanga. Tenga siku 17: siku 11 za kuendesha, 4 za vyombo na basi, na 2 za akiba. Akiba hizo usizile mapema kwa sababu ufuo umekupendeza. Ziweke upande wa Tanga na Mkoani, bandari ya kusini mwa Pemba, maana huko ndiko safari hukwama.

Hatua ya kwanza ni kujua siku za boti kati ya Tanga na Pemba. Dar na Unguja kuna boti kadhaa kila siku, na mwendo ni saa mbili hivi, kwa hiyo hapo hakuna wasiwasi. Tanga na Pemba ni siku chache tu kwa wiki, na ratiba hubadilika. Piga simu kwa kampuni wiki mbili kabla, piga tena siku tatu kabla, na uulize mambo manne: siku, saa ya kuripoti, bandari itakayoshukia (Mkoani kusini au Wete kaskazini), na malipo ya baiskeli kama mzigo. Jibu likishapatikana, hesabu kurudi nyuma hadi tarehe ya kutoka Nairobi. Usianze na tarehe ya likizo ukaitafutia boti.

Msimu na upepo

Pwani ina pepo mbili kubwa. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini mashariki kuanzia Mei hadi Septemba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, Desemba hadi Machi. Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, kaa nyumbani. Mvua ya huko humwagika siku nzima, na njia za vijijini hugeuka tope jekundu linaloziba nafasi kati ya tairi na fremu. Vuli ya Oktoba hadi Desemba huja kwa manyunyu na kupita, unaweza kuendesha.

Kwa hiyo, kuanzia Juni hadi Septemba enda kutoka kusini kwenda kaskazini: Mkoani kuelekea Konde huko Pemba, Makunduchi kuelekea Nungwi huko Unguja. Januari na Februari geuza. Ukikosea upande, pwani ya mashariki ya Unguja itakufundisha, maana haina kilima wala msitu wa kukukinga. Upepo hulala alfajiri na huamka kuanzia saa 3 au 4 asubuhi. Siku ambayo huna budi kuukabili, toka saa 12 na nusu, mara tu kunapopambazuka, na uwe umemaliza saa 4.

Kusi lina upande wake mgumu baharini. Mkondo wa Nungwi, kati ya Unguja na Pemba, huchafuka sana Juni hadi Agosti. Meli ya MV Spice Islander ilizama huko Septemba 2011 ikiwa imejaza kupita kiasi, na MV Skagit ikazama Julai 2012 ikitoka Dar. Watu wa visiwani hawajasahau. Ukiona chombo kimejaa hadi watu wamekalia mizigo, shuka utumie siku yako ya akiba. Ndiyo kazi yake.

Angalia pia Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma siku 11 hivi. Mchana mikahawa ya mitaani hufungwa, na kunywa maji hadharani ni utovu wa adabu. Anayehitaji lita moja kila saa juani aende mwezi mwingine.

Kuzoea joto ukiwa Nairobi

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka pwani mapafu yako yatakuwa na nguvu kuliko unavyotarajia. Kinachoangusha watu ni joto lenye unyevu: jasho halikauki, mwili haupoi, na mtu anaendelea kukanyaga kwa sababu miguu bado ina nguvu.

Mazoezi mazuri ni barabara ya Magadi. Anzia Kiserian, pita Corner Baridi, ushuke hadi Olorgesailie, karibu kilomita 40, kisha upande kurudi ukiwa na mzigo wote utakaosafiri nao. Fanya hivyo wikendi tatu. Joto la bonde ni kavu, halifanani kabisa na la Pemba, lakini litakufundisha kunywa kabla ya kiu, na ule mlima wa kurudi utakuonyesha kama keria yako inayumba. Ikiyumba huko, rekebisha huko.

Baiskeli yenyewe

Si lazima iwe ya bei. Fremu ya chuma ya mtumba yenye nafasi ya tairi nene ni bora kuliko baiskeli ya mashindano. Tairi ziwe za milimita 38 hadi 45. Lami ni nzuri kwenye barabara kuu, lakini ukikata kwenda ufukweni unakuta mawe ya matumbawe, na hayo hayatoboi kama mwiba bali hukata ubavu wa tairi kama kisu. Mpandaji wa kilo 75 mwenye mzigo wa kilo 12 ajaze tairi ya milimita 40 kwa psi 45 mbele na 50 nyuma. Ukijaza hadi 70, tairi halibonyei na jiwe linakata haraka zaidi.

Ubavu ukikatika, kiraka cha tyubu peke yake hakisaidii, kwani tyubu itatokeza kwenye ufa na kupasuka. Kata pakiti tupu ya maziwa, ikunje mara mbili, iweke kati ya tairi na tyubu mahali penye ufa, kisha jaza upepo kiasi. Itakufikisha mjini.

Tyubu ndizo huleta taabu isiyotarajiwa. Baiskeli nyingi za Nairobi zenye gia zina valvu nyembamba, na tundu la rimu lina milimita 6.5. Maduka ya Chake Chake au Wete huko Pemba huuza zaidi tyubu za valvu nene kama ya pikipiki, ambayo hutaka tundu la milimita 8.5. Mwambie fundi wako atanue tundu kabla ya safari na alainishe kingo kwa tupa, lakini kwa rimu pana tu. Rimu nyembamba ya mashindano usiiguse. Usipotaka kutoboa, beba tyubu tatu zako na viraka visivyopungua kumi na vitano.

Gia: vilima vya Pemba si virefu lakini ni vikali na vinafuatana bila kupumzisha. Gia nyepesi kabisa iwe na meno 32 mbele na 34 nyuma, au nyepesi kuliko hiyo. Spoki hukatika zaidi gurudumu la nyuma upande wa cheni, kwa sababu upande huo zimekazwa zaidi na mzigo uko juu yake. Kabla ya kutoka, minya spoki mbili mbili kwa vidole kuzunguka gurudumu zima. Inayolegea kuliko wenzake ikazwe na fundi. Beba tatu za urefu sahihi wa upande huo, zifungwe kwa tepu kwenye fremu.

Vipuri vingine: kiungo cha haraka cha cheni kinacholingana na idadi ya gia zako, kile kipande cha alumini kinachoshika dereila, yaani kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kati ya gia (kila fremu ina umbo lake, huko hutakipata), pedi za breki seti moja, kebo moja ya gia na moja ya breki, pampu, spana za L, kikata cheni, chupa ndogo ya oili na kitambaa. Paka grisi bomba la kiti mahali linapoingia kwenye fremu. Alumini ndani ya chuma ikikutana na chumvi hushikana, na kuitoa baadaye ni msumeno.

Hema liache. Nyumba za wageni zipo kila utakapolala katika mpango huu, na kilo tatu ulizoacha utazishukuru njiani kwenda Chake. Nguo zifunge kwenye mifuko isiyopitisha maji ya kukunja mdomo, si kwenye mifuko ya plastiki ya dukani: Kenya iliipiga marufuku 2017, Tanzania bara Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia zote.

Makaratasi na basi

Pasipoti ndiyo salama. Mkenya hahitaji viza Tanzania. Cheti cha homa ya manjano huulizwa mpakani na tena bandarini, na chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla. Ukitoka bara kuingia Unguja au Pemba utakaguliwa upya, basi pasipoti isizikwe chini ya nguo. Piga picha namba iliyochongwa chini ya fremu, na ubebe risiti ya baiskeli kama unayo, ili mpakani usidhaniwe mfanyabiashara. Laini ya simu ya Tanzania husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, ifanye Tanga.

Basi la usiku hubeba baiskeli kwenye buti ukilipia mzigo. Elewaneni bei wakati wa kukata tiketi, si saa ya kupakia, maana hapo huna nguvu ya kubishana. Toa gurudumu la mbele, fungua pedeli (ya kushoto hufunguka kwa kugeuza kulia, wengi huikaza zaidi wakidhani wanaifungua), geuza usukani ulale sambamba na fremu. Kama breki ni za mafuta, chomeka kipande cha kadibodi kati ya pedi, la sivyo mtu akigusa breki zitajifunga. Baiskeli ilale upande usio na dereila. Simama hapo hadi buti lifungwe.

Njia, siku kwa siku

Mombasa hadi Lunga Lunga ni karibu kilomita 95 baada ya kuvuka Likoni. Barabara ni nyembamba na malori ni mengi hadi Ukunda, kwa hiyo vuka alfajiri. Kesho yake pita mpaka wa Horohoro hadi Tanga, kilomita 65 hadi 70, lami na magari machache. Ni siku tulivu.

Pemba, siku ya kwanza: Mkoani hadi Chake Chake, kilomita 30. Namba ndogo, vilima vingi. Njia inapita chini ya mikarafuu, na msimu wa mavuno, kuanzia Julai, utakuta karafuu zimeanikwa kwenye mikeka kando ya lami. Zinanuka kilomita nzima. Usizikanyage hata kama gari linakusukuma; shuka usimame, huo ni mshahara wa mtu. Mchana, ukiwa Chake, unaweza kwenda Pujini kuona magofu ya ngome ya Mkama Ndume, karibu kilomita 10.

Siku ya pili Chake hadi Wete, kilomita 30 nyingine. Wete ni mji wa kupumzika. Nunua halua ya pale, inakaa mfukoni bila kuharibika na ina sukari ya kutosha mlima mzima. Siku ya tatu acha mizigo Wete, uende mwepesi hadi Konde, upite msitu wa Ngezi hadi mnara wa taa wa Ras Kigomasha, urudi. Ni kama kilomita 60 zote. Ndani ya msitu ni njia ya udongo chini ya miti inayofunika anga, na kuna ada ya kuingia. Waulize walinzi kuhusu popo wa Pemba, wale wakubwa ambao hawapatikani kwingine duniani. Siku ya nne rudi Mkoani, kilomita 60. Wakati wa kusi hii ndiyo siku ya upepo usoni. Boti ikikushusha Wete tangu mwanzo, anza na Kigomasha na umalizie Mkoani, utaokoa siku nzima.

Unguja, lala Mjini, yaani Mji wa Zanzibar, usiku mmoja, kisha utoke mapema kupitia Tunguu hadi Jozani, kilomita 35. Kima punju huvuka barabara hapo kwa makundi, na mkubwa akishapita subiri, maana watoto bado. Endelea hadi Paje na Jambiani. Kesho yake zunguka Makunduchi na Kizimkazi Dimbani, penye msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Ukiangukia Julai, Makunduchi ina sherehe ya Mwaka Kogwa. Vyumba hujaa, weka nafasi mapema.

Kusoma maji

Hapa ndipo pwani ya mashariki inapokupa zawadi au kukuadhibu. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4 wakati wa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Maji yakikupwa, kati ya Paje na Jambiani hubaki mchanga mgumu, mpana kuliko barabara ya Thika, na unaweza kuendesha juu yake ukiwa na bahari upande mmoja na minazi upande wa pili.

Wakati wa bamvua maji hukupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi, na kila siku huchelewa dakika 50 hivi. Ingia mchangani saa mbili kabla ya maji kukupwa kabisa, na uwe umetoka saa mbili baada yake. Punguza upepo wa tairi hadi psi 25 au 30. Mchanga mweusi wenye mikunjo midogo ni mgumu, ukanyage. Mweupe unaong'aa kwa maji juu yake ni laini. Gurudumu la mbele litazama na usukani utageuka ghafla. Ukiona vijiti vimepangwa na kamba kati yake, hayo ni mashamba ya mwani ya akina mama. Zunguka mbali, usipite katikati.

Kutoka Bwejuu rasi inaishia Michamvi, na mbele ni ghuba ya Chwaka. Kurudi nyuma kwa barabara kupitia Tunguu na Dunga ni zaidi ya kilomita 60. Mashua hukuvusha kwa muda mfupi, lakini ghuba ni kina kifupi na haipitiki maji yakiwa yamekupwa. Nenda ufukweni jioni ya kabla, usalimie kwanza: "Shikamoo mzee. Tunataka kuvuka Chwaka kesho, baiskeli mbili. Maji yatatosha saa ngapi?" Nahodha akikupa saa, ifuate hiyo, hata kama programu ya simu inasema nyingine. Mkubaliane bei ya watu na ya baiskeli pamoja. Chomboni laza baiskeli juu ya mizigo laini, dereila juu, na uifunge kwa mpira wa tyubu kuukuu, sio kamba inayokwaruza.

Ukishuka Chwaka, fuata Uroa, Pongwe na Kiwengwa, ulale hapo. Siku inayofuata pita Matemwe, ingia ndani hadi barabara kuu, uende Nungwi. Nungwi hadi Mjini kupitia Mahonda na Bububu ni kilomita 60 zenye kivuli. Kuanzia Bububu daladala husimama popote bila kuashiria, basi kaa nyuma yao mbali kidogo.

Kuhusu mavazi: ufukweni kwa watalii hakuna anayeuliza, lakini ukiingia kijijini funika mabega na magoti. Suruali pana nyepesi juu ya ile ya kubana inatosha, wanaume na wanawake. Leso moja mkobani inafaa kwa mengi. Ijumaa adhuhuri maduka hufungwa. Nunua maji kabla.

Chumvi, kila jioni

Cheni iliyopigwa na rasharasha za boti huota kutu usiku mmoja. Omba nusu ndoo ya maji ya kisima, umwage polepole kwa kikombe, usielekeze kwa nguvu kwenye beringi. Futa cheni kwa kitambaa kikavu hadi kitambaa kisichukue weusi. Halafu geuza pedeli kinyumenyume taratibu, ukidondosha tone moja la oili juu ya kila roli, upande wa ndani wa cheni, zote mia na ushei. Subiri dakika kumi oili iingie, kisha ufute tena kwa nguvu. Oili inayobaki nje haisaidii kitu, kazi yake ni kukusanya mchanga, na mchanga ndani ya oili husaga meno ya gia kama msasa. Siku uliyopita mchangani fanya hivyo hata kama umechoka kiasi cha kulala na viatu.

Ukirudi Nairobi usiiweke baiskeli stoo hivyo hivyo. Ndani ya wiki ya kwanza fundi afungue habu zote mbili, ekseli ya pedeli na beringi za usukani, atoe grisi ya zamani na kutia mpya. Akikuta grisi imegeuka rangi ya maziwa, maji ya chumvi yameingia; golori zibadilishwe zote, si zile zilizoharibika tu. Bomba la kiti nalo litolewe, lifutwe na lipakwe upya. Cheni ipimwe, na ikiwa imerefuka kwa asilimia 0.75, nunua nyingine kabla haijala gia za nyuma.